Mwana wa Mhunzi Asiposana Huvukuta: Historia Fupi ya Kufundisha kwa Kuonyesha

Tangu Januari 2024 shule za sekondari nchini mwetu zimeanza kutumia mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023. Ndani ya mtaala huo umo mkondo wa amali, ambamo kijana husoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya kazi za mikono. Wazazi wengi wamelipokea jambo hili kwa matumaini, na wengine kwa wasiwasi. Wenye matumaini wanasema kwamba hatimaye mtoto atatoka shuleni akiwa na kitu mkononi. Wenye wasiwasi wanauliza swali moja zito: ni nani atakayewaonyesha watoto wetu kazi, na kwa vifaa gani? Ipo hatari ya kweli kwamba useremala utafundishwa kwa chaki. Mwanafunzi ataandika daftarini hatua zote za kuunganisha mbao, atazikariri, atapata alama nzuri, na bado hatajua randa inashikwaje.

Swali hilo si geni. Historia ya mkoa wetu wa Kagera, na ya nchi nyingine zilizopita njia hiyo kabla yetu, imekwisha kulijibu mara kadhaa, mara nyingine kwa gharama kubwa. Juma hili napenda tuitazame historia hiyo kwa utulivu. Tutaona kwamba kuonyesha kazi hufundisha pale mambo matatu yanapokutana: anayeonyesha anafanya kazi ya kweli katika mazingira yale yale ya anayetazama; anayetazama anakabidhiwa kifaa mapema; na anayeonyesha yuko tayari kusahihishwa na kazi yenyewe. Likikosekana mojawapo, kinachobaki ni tamasha au amri.

Tanuru la Nyungwe

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Mtoto ambaye bado hana nguvu wala ujuzi wa kushika nyundo hakai bure karakanani mwa baba yake. Hupewa mivukuto apulize moto. Methali hii tumezoea kuitumia tukisema juu ya tabia za wazazi kurithiwa na watoto, lakini ndani yake imo pia njia kamili ya kufundisha. Mtoto anayevukuta yuko ndani ya kazi. Anajifunza kusikia moto unaohitaji hewa zaidi, anaiona rangi ya chuma kilichoiva na ya kile ambacho bado, anamwona baba akikosea na akirekebisha. Siku atakapokabidhiwa nyundo, macho yake yatakuwa yamekwisha kuifanya kazi ile mara nyingi mno.

Nchi yetu hii ilikuwa nchi ya chuma. Speke na Grant walipofika Karagwe mwezi Novemba 1861 walipokelewa na Mfalme Rumanyika, na hazina ya kifalme iliyotunzwa Bweranyange ilikuwa na vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, vikiwamo vinyago vya ng'ombe. Hakuna shule ya kuandika iliyowafundisha wahunzi wale. Walivukuta kwanza.

Jirani zetu wa Buhaya nao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa madini Donald Avery, wote kutoka Marekani, waliwaomba wazee wa kijiji cha Nyungwe wajenge tena tanuru la asili na kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa takriban miaka hamsini, kwa kuwa majembe na vyuma vya kutoka ng'ambo vilikuwa vimejaa masokoni. Wazee walijenga tanuru la udongo lenye umbo la pia, kimo chake kama mita moja na nusu, juu ya shimo lililojazwa matete yaliyounguzwa nusu, wakaliingizia hewa kwa mivukuto na mirija ya udongo. Ilibidi wajaribu, wakosoane, wakumbushane, wakajaribu tena. Hatimaye chuma kilitoka. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, na watu wa nchi za mbali wakastaajabu kusikia kwamba matanuru ya aina hiyo kando ya Ziwa Viktoria yana umri wa miaka kati ya elfu moja mia tano na elfu mbili.

Tuzingatie jambo moja katika habari hii. Ujuzi uliodumu kwa karne nyingi bila kuandikwa ulikaribia kuzimika katika muda wa nusu karne tu. Wazee hawakuwa wamekatazwa kusimulia, masimulizi yalikuwapo. Kilichokosekana ni tanuru lililowaka na kijana aliyekaa kando yake akivukuta. Kazi ya mikono inaweza kupotea huku maneno yake yote yangali midomoni mwa watu.

Hali kadhalika, Wamisionari wa Afrika walipofika Kashozi mwaka 1892 na baadaye kusambaa katika nchi hii, makanisa na nyumba hazikujengwa kwa mahubiri. Mtu alijifunza kufyatua tofali kwa kufyatua tofali, na kupima ukuta kwa timazi akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, kando ya bruda aliyeshika mwiko. Ufundi huo ukarithishwa kutoka baba kwenda mwana, na mabaki yake tungali tunayaona.

Amri isiyo na mfano

Sasa tutazame upande wa pili. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilikuwa na wataalamu wa kilimo, na si kila walichokisema kilikuwa kibaya. Lakini kwa sehemu kubwa elimu yao iliwafikia wakulima ikiwa imevaa mavazi ya amri. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walisimama kupinga kanuni mpya za utunzaji wa mibuni. Kanuni zilikuja na adhabu nyuma yake, na zilimpa mtu wa serikali haki ya kuingia ndani ya kibanja. Kwa Mhaya na kwa Mnyambo, kibanja ni nyumba yake, chakula chake na makaburi ya wazazi wake. Mgeni anayeingia humo na karatasi ya kanuni, bila kwanza kuonyesha faida yake kwa jicho la mwenye shamba, anaonekana amekuja kuchukua ardhi.

Mfano wa Uluguru ni mzito zaidi. Katika miaka ya 1950 wakulima wa milima ile, mkoani Morogoro, walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudi lilikuwa jema. Lakini katika udongo mwembamba wa sehemu nyingi za milima ile, kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Mkulima alifanya kazi ngumu, kisha akavuna kidogo kuliko jirani aliyekaidi. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule ukafa.

Ndugu zangu, hapo hatuwezi kusema kwamba wakulima walikuwa wakaidi wasiopenda maendeleo. Shamba lenyewe lilikuwa linawaonyesha, nao waliamini walichokiona. Wataalamu walikuwa na ujuzi wa vitabu uliothibitika kwingine, ila haukuwa umejaribiwa vya kutosha katika mteremko ule, kwa udongo ule, na kwa mikono ya watu wale.

Shamba la mkulima mwenyewe

Miongo mitatu na zaidi kabla ya hayo ya Bukoba, fundisho hilo hilo lilikuwa limekwisha kupatikana mbali sana na kwetu, katika jimbo la Texas, Marekani. Fukusi wa pamba alikuwa amevuka kutoka Meksiko mwaka 1892, na wakulima wengi walikuwa wanafilisika. Mzee mmoja aitwaye Seaman Knapp, aliyekuwa akifanya kazi na wizara ya kilimo, alikuwa ameona kwamba mashamba ya mfano yaliyolimwa na serikali hayamshawishi mtu. Wakulima walipita, wakatazama, wakasema: serikali ina fedha, nani asingevuna hivyo? Wakarudi nyumbani wakalima kama zamani.

Mwaka 1903, katika mji mdogo wa Terrell, Knapp alifanya jambo jingine. Alitafuta mkulima wa kawaida, Walter Porter, akamwomba alime sehemu ya shamba lake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akifuata maelekezo. Wafanyabiashara wa mji walichangia fedha za dhamana ili Porter asiumie iwapo angepata hasara. Fedha hizo hazikuguswa. Mwisho wa msimu Porter alisema amepata faida kubwa kuliko kama angelima kwa njia yake ya zamani, na majirani wakamwamini kwa sababu walimjua, waliijua ardhi yake, na walimwona kila siku akifanya kazi. Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha huduma ya ugani ya nchi nzima juu ya msingi huo.

Tazameni hekima iliyomo katika dhamana ile. Maskini haogopi jambo jipya kwa ujinga. Anaogopa kwa sababu akikosea, watoto watalala njaa. Anayetaka kumwonyesha maskini njia mpya lazima akubali kuubeba mzigo wa kukosea pamoja naye.

Jembe la shule

Turudi nyumbani. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuona matokeo ya mipango yao, ili wajifunze kwa kutenda. Wengi wenu mliosoma miaka ya 1970 na 1980 mnakumbuka mashamba yale. Yako yaliyofundisha kweli, hasa pale mwalimu alipokuwa mkulima hodari aliyeingia shambani na wanafunzi wake, akawaonyesha nafasi ya kupanda, sababu ya matandazo, na jinsi ya kutunza hesabu ya mavuno.

Lakini katika shule nyingi jembe likageuka fimbo. Mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa kulima. Aliyefanya makosa alipewa eneo la kufyeka. Mwalimu alisimama kivulini. Mtoto akajifunza jambo moja tu, kwamba kilimo ni adhabu ya walioshindwa. Ni lazima tulikumbuke hili tunapoanza safari ya amali: kumpa mtoto kazi siyo kumfundisha kazi. Anaweza kulima miaka saba na asijue kilimo, kama hakuna aliyemwonyesha kwa upendo na kumweleza kwa nini.

Shamba darasa

Katika miaka ya 1980 wakulima wa mpunga nchini Indonesia walikuwa wanapulizia dawa nyingi, na kumbe dawa zile ziliwaua pia wadudu marafiki waliowala wadudu waharibifu. Mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ndipo ilipoanza njia ambayo kwetu inaitwa shamba darasa. Wakulima walikutana kila juma jarubani, wakahesabu wadudu, wakachora walichokiona, wakajadiliana, wakaamua. Kipande kimoja kililimwa kwa desturi ya zamani na kingine kwa njia mpya, ili tofauti ijieleze yenyewe. Mtaalamu alikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kuuliza maswali zaidi kuliko kutoa majibu.

Mwaka 1999 njia hiyo ililetwa Afrika Mashariki kwa mradi wa majaribio katika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania, uliletwa mkoani kwetu Kagera. Hatukujua wakati ule jinsi ambavyo tungeihitaji.

Mnyauko na mti wenye panda

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda. Mwaka 2006 ukathibitika mkoani Kagera, ukianzia wilaya ya Muleba, kisha ukaenea. Hapa Karagwe na Kyerwa, ambako mtu asipokula ndizi husema hajala, ulikuwa msiba. Majani yanageuka manjano na kulegea kana kwamba yameunguzwa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata, ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, usaha wa manjano unatoka. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliougua.

Wataalamu wa kilimo, wakiwamo watafiti wa Maruku, walijua namna ugonjwa unavyosambaa. Wadudu hutembelea ua dume, ule moyo wa rangi ya zambarau unaoning'inia chini ya mkungu, wakabeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Na panga la mkulima hubeba bakteria vile vile, likitoka kukata shina gonjwa na kuingia katika shina zima. Kwa hiyo ushauri ulikuwa mwepesi kuutamka: ondoa ua dume mapema, safisha panga, ondoa migomba iliyougua.

Mwepesi kuutamka, lakini kuutenda? Hapo ndipo tofauti kati ya kutangaza na kuonyesha ilipojitokeza wazi. Mkulima aliyesikia redioni kwamba aondoe ua dume alichukua panga, akalikata, akaenda kwenye mgomba wa pili na panga lile lile. Kwa kutii tangazo, aliueneza ugonjwa. Yule aliyeonyeshwa shambani aliona kitu ambacho maneno hayakukifikisha: unachukua mti mrefu wenye panda kwenye ncha, unaunasa mkonyo wa ua chini kidogo ya kichane cha mwisho, mara tu kichane hicho kinapokuwa kimetokeza, unauzungusha na kuuvunja. Chuma hakigusi mgomba. Kisha anakabidhiwa mti ule. Mara ya kwanza panda inateleza. Mara ya pili anavunja juu mno na kuharibu ndizi. Mara ya tatu mkono umeelewa, na hautasahau.

Hali kadhalika kuhusu panga. Kusema tu lisafishwe hakutoshi, kwa sababu kwa watu wengi kusafisha ni kufuta kwa jani la mgomba. Ni lazima mtu aone panga likishikwa juu ya moto mpaka lipate moto wa kutoshikika, au likichovywa katika maji yenye Jik, kabla ya kwenda mgomba mwingine. Na aone hivyo kwa kila mgomba, hata pale jua linapochoma na mtu anatamani kumaliza kazi.

Iko hatua moja zaidi ambayo napenda tuione kwa makini. Mwanzoni wataalamu waliwaonyesha wakulima kung'oa shina zima na machipukizi yake yote, kisha kufukia. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na mjane au mzee hakuiweza. Wengi waliacha, na ugonjwa ukaendelea. Baadaye utafiti uligundua kwamba bakteria haifiki daima katika machipukizi yote ya shina moja. Ndipo ikaanza kuonyeshwa njia nyepesi: kukata mgomba ule ulioonyesha dalili peke yake, usawa wa ardhi, kwa panga lililosafishwa, na kurudia kila dalili zinapotokea bila kuchoka. Hapo mwalimu alisahihishwa na kazi. Waliokataa kung'oa hawakuwa wavivu wote. Wengine walikuwa wanasema, kwa mikono yao, kwamba somo halikupimwa kwa nguvu za mwanafunzi.

Na jambo la mwisho: katika ugonjwa huu kibanja kimoja kilichopuuzwa kinahatarisha vibanja vyote vinavyokizunguka. Kwa hiyo kumwonyesha jirani haikuwa hisani. Aliyejua na akanyamaza alikuwa anaupokea ugonjwa kwake.

Hatua nne za fundi mwema

Je, fundi afanyeje anapotaka kufundisha? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Marekani ilihitaji kuwafundisha haraka maelfu ya watu kuunda meli. Charles Allen, mwalimu wa ufundi, aliandika mwaka 1919 kitabu kilichopanga somo la kazi katika hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha, kumwacha atende, na kumpima. Hatua hizo zingali zinatumika katika vyuo vya ufundi duniani kote.

Tuchukue mfano wa kupanga mstari wa tofali. Kwanza, fundi anamweleza kijana kazi ni nini na anamuuliza anajua nini tayari. Mtu hafundishwi akiwa na hofu. Pili, anaonyesha. Anapanga tofali chache kwa mwendo wake wa kawaida, ili kijana aone kazi nzima. Kisha anarudia polepole, akisema kila anachokifanya na sababu yake: udongo unawekwa hivi, tofali linakandamizwa hivi, pima maji inasomwa hapa. Ni muhimu kijana asimame upande wa fundi, akitazama kwa mwelekeo ule ule. Akisimama mbele yake ataona mikono kinyumenyume. Tatu, kijana anashika mwiko, na fundi anaweka mikono nyuma. Hii ndiyo hatua ngumu kwa mafundi wengi, kwa sababu kila kosa la mwanafunzi linawawasha vidole. Nne, kijana anafanya peke yake na kazi inapimwa kwa timazi, maana timazi haina upendeleo.

Mafundi wetu wengi wanaijua hatua ya pili na wanaruka ya tatu. Piteni Omurushaka, pale barabara ya kwenda Murongo inapoanzia, mtazame karakana za pikipiki, za kuchomelea vyuma, na mafundi cherehani vibarazani. Kila mmoja ana kijana. Yule wanayemwita spana boi analeta spana, anaosha vyuma kwa mafuta ya taa, anatumwa chai. Anavukuta, naam, na hilo ni jema. Lakini methali haikusema avukute mpaka azeeke. Fundi anayemficha kijana hatua ya mwisho kwa kuogopa ushindani, anayegeuza mgongo anapofunga kile kifaa kigumu, anamnyima haki yake. Na mzazi anayelipa ada ya ufundi aulize: mwanangu ameshika nini kwa mkono wake mwezi huu?

Mfano wa kuiga

Nikiandika haya namkumbuka Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, wakati nchi yetu hii ilikuwa bado chini ya jimbo hilo, kabla Jimbo la Kayanga halijaundwa mwaka 2008. Askofu Mwoleka alipotaka kuwafundisha watu juu ya maisha ya ujamaa na jumuiya, alikwenda kuishi na kufanya kazi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alifundisha pia kwamba hata fumbo la Utatu Mtakatifu tumefunuliwa ili tuishi kwa mfano wake, kwa kushirikiana vyote, na sio ili tubaki tukilichambua kama kitendawili. Watu walitofautiana naye juu ya mambo kadhaa ya siasa ya wakati ule. Hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwaamuru wengine kubeba asichokibeba.

Naye alikuwa amejifunza kwa Mwalimu wake. Usiku ule wa Alhamisi Kuu Bwana hakutoa hotuba juu ya unyenyekevu kwanza. Alivua joho, akajifunga taulo, akamimina maji, akaosha miguu. Alipokwisha kukaa tena ndipo alipoeleza, na akawaagiza wafanye vivyo hivyo. Alitenda, akaeleza, akawakabidhi kazi.

Basi, tutafanya nini na watoto wetu wa mkondo wa amali? Mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto wengi na randa mbili hawezi peke yake. Lakini katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yupo mwashi, mshonaji, mfugaji wa nyuki, fundi umeme au mama ajuaye kusindika ndizi na matunda. Mnaweza kuketi na mwalimu mkuu mkapanga siku ambapo mtoto atakuja kwenu, au ninyi mtakwenda shuleni na vifaa vyenu. Mnaweza kuchanga mbao na misumari ambayo mwanafunzi ataiharibu, maana bila kuharibu hakuna kujifunza. Hiyo ndiyo dhamana yetu, kama ile ya watu wa Terrell. Nanyi wazee mlio na ujuzi ambao hakuna kijana anayeutazama, msingoje mgeni kutoka ng'ambo aje kuwauliza baada ya miaka hamsini. Mwiteni mjukuu leo. Mpeni mivukuto, na baada ya muda mpeni nyundo.

Mungu awabariki, azibariki kazi za mikono yenu. Nawatakieni Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!